Makopo Mawili Yaliyobaki Tansy Creek

Oklahoma, 9 Machi 1961

Dada yangu mpendwa Orpha,

Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na yule jogoo wako mwehu hajakung'oa jicho. Mimi sijambo, ila meno yamebaki matatu, nayo hayasalimiani.

Umeniuliza kama ni kweli anayoandika mwalimu Bi. Lacey kwenye historia yake ya Tansy Creek. Alikuja kwangu Alhamisi ya wiki iliyopita na daftari. Nikampa kahawa na porojo: jinsi mji ulivyoota kama uyoga mafuta yalipopatikana, watu elfu saba palipokuwa na mbuzi wa baba tu, jinsi mchungaji alivyohubiri akiwa amekalia pipa la mafuta, suruali ikabaki pipani. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akauliza nani aliuua mji.

Akasema wazee wote wanamtaja marehemu mumeo, shemeji Thurlow: kwamba alikosea kuhesabu makopo ya baruti ya maji, ile inayolipuka hata kwa kutikiswa, akakilipua kisima cha mafuta cha Bledsoe kupita kiasi, mwamba wa chini ukapasuka, maji ya chumvi yakapanda na kuharibu visima vyote. Mimi nikanywa kahawa. Nikaitikia kwa kichwa.

Dada, unakumbuka walivyomtania? "Thurlow, hesabu vidole kabla hujapeana mkono!" Utani huo niliuanzisha mimi.

Sasa sikia. Siku ile shemeji aliteremsha makopo sita, akaniambia mawili yaliyobaki niyapakie garini niyarudishe ghalani, tena polepole. Akaenda kuwafukuza watu wasisogelee mnara. Unaijua barabara ya ghalani, mawe matupu. Wiki mbili kabla, Emmett Crull alipita pale na kopo moja, likalipuka, tukazika kofia tu. Nikayatazama makopo, nayo yakanitazama. Nikayafunga kamba, nikayateremsha kisimani juu ya yale sita. Shemeji aliporudi akauliza kama nimepakia. Nikasema tayari. Akadondosha kisimani chuma cha kulipulia.

Jioni mwenye kisima alipoulizia makopo, nilisema mbele ya watu kwamba shemeji aliteremsha yote manane. Shemeji akanigeukia. Akasema, "Basi nimekosea mimi. Ndugu wa mke wangu hawezi kunisingizia."

Aliamini, Orpha. Ndiyo maana alikuwa akihesabu mayai mara mbili mezani, nawe ukimgombeza, mimi nikicheka.

Nimekwenda kwa Bi. Lacey mara mbili kusema, nikaishia kumsifia maua. Mpelekee barua hii kabla ya Jumatatu, kitabu hakijaenda kuchapwa. Asome yote, asinifichie aibu, na jina langu aliandike kamili kama lilivyo hapa chini.

Wasalimie wanao, uwasomee nao. Usiponijibu, sitauliza kwa nini.

Ndugu yako,
Dewitt Amos Purdom