Jumapili Tulizodanganyana

Shangazi Monika,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia kwanza. Ungesema Uingereza imenitoa adabu.

Nimerudi Issuna. Hii ni wiki ya tano. Nalala chumbani kwako, kwa sababu baba alisema kisikae kitupu. Kuku wako wamebaki sita, kicheche alipita. Alizeti ya mwaka huu imekubali. Pale mnadani, mahali ulipokuwa unapanga vitunguu vyako, anapanga mama mmoja wa Ihanja, mpole, hana maneno kama wewe. Kaburi lako limejengewa vizuri. Nilikwenda siku ile ile niliyofika, nikasimama, nikakosa hata neno la kuanzia. Ndiyo maana naandika.

Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo nilipopata ufadhili wa kwenda kusomea mambo ya maji, kila Jumapili nilikupigia wewe. Hukutaka salamu ndefu. Ulisema, "Paska, nipe moja la kwenda nalo mnadani." Nami nilikuwa nakuwekea wiki nzima.

Nilikupa la vibanda vya simu: nchi nzima ni vyekundu, mji wangu wa Hull peke yake ni vyeupe kama maziwa yaliyoganda, na watu wanajivunia utadhani wamevizaa. Nilikupa la mtaa unaoitwa Nchi ya Tangawizi Mbichi, ambako niliuliza watu wanne kwa nini unaitwa hivyo, na kila mmoja alinipa jibu lake. Nilikupa la chipsi zinazonyunyiziwa unga mwekundu wa viungo ambao ukivuka miji miwili hawaujui. Lakini lililokufurahisha kuliko yote ni la dereva wa basi aliyeniita mpenzi. Nilikueleza kwamba kule kila mtu anaitwa mpenzi, hata mzee, hata mwanamume mwenzake. Ukauliza, "Na wewe unamwitikiaje?" Nilisikia baba akicheka nyuma yako.

Hayo yote yalikuwa kweli. Ambalo halikuwa kweli ni pale ulipouliza kama mimi ni mzima.

Sasa nakwambia. Wiki sita za kwanza sikufungua mdomo darasani. Kiingereza nilichokwenda nacho kilikuwa cha vitabuni. Wao wanameza nusu ya neno na nusu iliyobaki wanaivuta. Kazi yangu ya kwanza ya kuandika nilifeli. Mwalimu aliandika pembeni kwamba nimeeleza tu, sijasema ninachofikiri mimi. Novemba ilipoingia, saa kumi jioni giza lilikuwa limeshafunga. Nilikuwa nakaa kitandani na koti, katika chumba nilichokichagua kwa sababu mji ule ndio wenye vyumba vya bei nafuu, nikisikiliza wapangaji wenzangu wawili wakicheka jikoni, nisijue nitaingia na neno gani. Jumamosi moja niliandika barua ya kuacha chuo. Kesho yake ukauliza, "U mzima?" Nikasema, "Mzima, shangazi. Masomo yanaenda vizuri."

Barua ile sikuipeleka, na aliyesababisha ni bibi mmoja anayeitwa Maureen, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuja kunigombeza. Kule takataka zina mapipa ya rangi tatu na kila rangi ina siku yake, na mimi nilitoa pipa lisilo la siku hiyo. Nilipofungua mlango nikiwa na macho mekundu, aliacha kugombeza, akaniambia nije kwake ninywe chai. Jikoni kwake nilimwambia yote, hata kufeli, labda kwa sababu hakuwa mtu wangu.

Aliniuliza hiyo kazi niliyofeli ilihusu nini. Nikasema mafuriko. Akacheka, akanionyesha ukutani, juu kidogo ya goti langu, mahali maji yalipofikia nyumbani kwake mwaka mmoja wa nyuma. Mto wa pale ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, na mji ni tambarare kabisa, sehemu kubwa iko chini ya usawa wa maji yanapojaa. Lakini maji yaliyoingia kwa Maureen hayakutoka mtoni. Mvua ilizidi uwezo wa mitaro, yakapanda kutoka chini ya barabara. Alikaa mwaka mzima juu ghorofani akisubiri kuta zikauke. Mimi niliyekulia kwetu, tunakochimba mpaka mchanga wa mto kutafuta ndoo moja, nilimsikiliza mtu anayeyaogopa maji kama sisi tunavyouogopa ukame.

Kazi yangu ya pili niliianzia pale jikoni. Niliandika ninachofikiri mimi: kwamba watu wa pale na watu wa Issuna wana shida moja, kutokujua kinachoendelea chini ya miguu yao. Mwalimu aliniomba niieleze mbele ya darasa. Nilianza kwa kuuliza nani kati yao amewahi kubeba maji kichwani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Basi nikaongea, shangazi. Niliongea mpaka muda ukaisha, na tangu siku hiyo hakuna aliyeninyamazisha tena.

Hilo lilikuwa Januari. Nilikuwa nimepanga siku moja, yote yakishakwisha, nikwambie na ile barua ya kuacha, tucheke pamoja.

Mwezi wa pili, siku ya Jumatano, baba alipiga. Baba hapigi Jumatano. Kabla hajasema, nilishajua. Nisilolijua ni kwamba walikuwa wameshamaliza mazishi. Ulikuwa umezikwa jana yake. Akanieleza kwamba ulikuwa na uvimbe tumboni tangu kabla sijaondoka, na kwamba Jumapili nyingi ulizoongea na mimi ulikuwa wodini, hospitali ya mjini. Niliwahi kukuuliza zile kelele ni za nini, ukasema ni waumini wanatoka kanisani. Baba alisema, "Alinikataza. Alisema Paska asikatishwe."

Nilimkatia simu. Sikuongea naye wiki tatu, na namshukuru Mungu kwamba baba amenisamehe kwa hilo.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya mlango bila koti, kwenye baridi ile. Maureen alinikuta. Nilimwambia umezikwa bila mimi, akakaa pembeni yangu, na mtu wa umri ule kukaa chini kwenye jiwe la baridi si jambo dogo. Baadaye akaniambia habari ambayo miezi yote hakuwahi kuitaja. Mume wake alikuwa mvuvi wa meli zilizokwenda mbali kaskazini kwenye barafu. Maureen alipokuwa na miaka ishirini na minne, meli ya mumewe haikurudi. Wanawake wa mtaa ule walikuwa hawafui nguo siku mume anaposafiri, wakiamini ukifua utamfua na yeye, achukuliwe na maji. Maureen hakufua. Na bado mumewe hakurudi.

Akaniambia, "Wewe hukumzika, mimi sikupata wa kuzika. Inauma vilevile. Lakini mtihani wako uko wiki ijayo, na yeye alijua hivyo."

Jumamosi tulikufanyia matanga jikoni kwa Maureen. Wenzangu walikuja. Nilisonga ugali, nikapika ule mlenda wa unga ulionifungia kwenye mfuko wa sukari. Maureen alikula mpaka akamaliza, akasema amekula samaki maisha yake yote lakini hajaona kinachoteleza namna ile. Nikacheka, nikalia, nikawaeleza wewe ni nani. Mtihani niliufanya. Nilifaulu. Nilimaliza mwaka nikiwa wa pili darasani, na siku ya joho upepo uliniondolea kofia mbele ya watu wote, nikaikimbiza kama kuku.

Nilipata nafasi ya kubaki. Sikuitaka. Si kwa sababu ya kulia; nilishalia. Nimejua kazi yangu ni ipi na iko wapi. Sasa niko ofisi ya maji ya wilaya, najifunza kupima visima, na wazee wanaponiuliza binti kama wewe utajua nini, nawaeleza mpaka wananiletea kiti.

Lakini, shangazi, nilikukasirikia. Hasira imepungua, haijaisha. Ulitaka nisikatishwe, na kweli sikukatishwa, ila ulininyima kukuaga. Nami nilikunyima kunifariji nilipokuwa nimeanguka, na ungefanya hivyo vizuri kuliko mtu yeyote. Kila Jumapili tulipendana kiasi hicho, na kila Jumapili tulidanganyana.

Tangu nirudi namwona baba anakaa chini katikati ya njia anapotoka shambani. Anashika kifua, akiniona anashusha mkono. Jana wakati wa chakula nilimuuliza. Akasema ni uchovu tu, yeye mzima, nisimsumbue. Niliweka tonge chini, nikamwambia, "Baba, shangazi naye alikuwa mzima."

Aliangalia mlango wako, kisha akaomba maji ya kunawa.

Nakuahidi hili, shangazi: katika nyumba hii mtu akiumwa atasema, na mimi nikishindwa nitasema. Nitaanza mimi. Pumzika sasa. Nilichokuwa nimekudai nimekusamehe, na nawe nisamehe.

Kesho asubuhi nampeleka baba hospitali mjini kwa basi la kwanza. Amesema haendi. Lakini saa hizi nasikia harufu ya mkaa, nimechungulia uani, anapiga pasi shati lake la kanisani.

Ni mimi mwanao,
Paskalina