Mume Wangu Bado Anasikiliza Pande Zote

Shangazi Orpha mpendwa,

Naomba unisaidie katika safu yako ya gazetini kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu jioni ndio mkutano wetu wa mchujo wa kumteua mgombea urais na sijui nitafika pale nikiwa mke wa mtu au la, na usidhani naandika kwa hasira, hasira iliniisha tangu mahindi hayajavunwa, kilichobaki ni uchovu, na sasa hivi ninapoandika sanduku langu la nguo limekaa mlangoni na mume wangu analiruka kila anapokwenda kupokea simu, wala hajauliza linakwenda wapi.

Mume wangu anaitwa Delmar. Tunafuga nguruwe nje kidogo ya Harlow Grove, hapa hapa Iowa, tulioana tukiwa vijana wabichi, na miaka yote hiyo Delmar alikuwa mtu wa maneno machache, akiona mvua inakuja anasema mvua inakuja, akipenda chakula anaongeza, asipokipenda anakimaliza kimya kimya, nami nilidhani hivyo ndivyo tutakavyozeeka. Kisha kiangazi kilichopita, kwenye maonyesho ya kilimo, mwanamke wa televisheni akamsogezea kipaza sauti huku Delmar ameshika nyama ya mbavu za nguruwe kwenye kijiti, akamwuliza kati ya hawa wote wanaotaka chama chetu kiwateue kugombea urais yeye anamtaka nani, na Delmar akatafuna kwanza, akameza, akasema bado hajaamua, anasikiliza pande zote. Basi tu, Shangazi. Laiti nyama ile ingekuwa ngumu zaidi.

Kesho yake simu ikaanza kulia na mpaka leo haijanyamaza. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwetu mgombea asiyekuja kukaa jikoni kwako huyo hajakuomba kura, na hakuna anayeona ajabu, lakini jamani kuna kuja na kuna kuja. Gavana Prewitt alikuja kusaidia kuchanja watoto wa nguruwe akiwa amevaa viatu vinavyong'aa, mama yao akamkanyaga, akasema kwa machozi kwamba ni heshima kubwa. Seneta Castellaw alikuja akasisitiza kunioshea vyombo, akaviosha vibaya hata nikavirudia vyote baada ya msafara wake kuondoka. Yule tajiri, Bwana Strand, alikwamishwa na theluji akalala kwenye kochi letu, na asubuhi yake akamwuliza Delmar ana maoni gani kuhusu China, na Delmar, ambaye hajawahi kuwa na maoni hata kuhusu mapazia, akajibu mpaka kahawa ikapoa, na wapambe wawili wakawa wanaandika kila anachosema.

Nadhani hapo ndipo alipopotea. Alinunua koti la kuvaa kwenye televisheni. Nimemkuta bafuni akijizoeza kutafakari mbele ya kioo, amekunja kipaji cha uso na kidole gumba kidevuni, na aliponiona akaniuliza kama gumba likae kushoto au kulia, nilipomjibu kulia akasema atalifikiria. Halafu ugonjwa ukahamia mezani. Nilipika mchuzi wa maharage na nyama na maandazi ya mdalasini, kama anavyopika kila mtu huku baridi ikianza, akaniambia anaheshimu sana mchango wa maandazi lakini angependa mchuzi ueleze msimamo wake kuhusu chumvi. Niliuliza jikoni tupake rangi gani, akanitaka nirudi nikiwa na mpango wenye maelezo zaidi. Binti yetu Janelle alipiga simu kumwomba amsindikize kanisani siku ya harusi yake, akamjibu kwamba yumo katika watatu wake wa mwanzo. Mtoto alilia, Shangazi. Hana dada wala kaka, hao wengine wawili ni akina nani?

Na mimi je? Mimi niliamua wiki ya kwanza. Nilikwenda maktaba kumsikiliza mmoja wao, nikampenda, nikasaini kadi yake, yakaisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza kitu isipokuwa choo kiko wapi. Wapambe wakifika mlangoni wanatazama simu zao, wanaona jina langu lina alama, wananipita kama kitasa na kwenda kumkumbatia Delmar. Binti mmoja wa kampeni ile ile niliyoichagua mimi alinieleza kwa upole kabisa, "Mama, wewe tunakushukuru sana, lakini wewe tumeshakupata." Nikaenda kumenya viazi, na nikiwa namenya ikaniingia akilini kwamba hata Delmar aliniweka kwenye fungu hilo hilo zamani sana, na ikaniuma kuliko ninavyoweza kukueleza.

Basi Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani nikafunga sanduku nikaliweka juu ya meza, kati yake na sahani yake.

"Delmar, nakwenda kwa dada yangu Twyla," nikamwambia. "Nijibu neno moja tu. Niende au nibaki?"

Akaweka gumba kidevuni.

"Arlys, naona hoja nzito pande zote mbili," akasema. "Usinisukume, mke wangu. Ningependa kusikia zaidi."

Simu ikalia, akaenda kuipokea, nami nikalihamishia sanduku mlangoni.

Shangazi, niondoke? Au nivumilie mpaka Jumatatu ipite? Na Jumatatu yenyewe nisimame wapi, maana kwenye mchujo wetu hakuna karatasi za siri, unasimama na kundi lako kwenye ukumbi wa michezo wa shule na majirani wote wanakuona, na Delmar ameshatangaza atasimama kwenye kona ya wasioamua, na ananitaka nisimame naye ili kona isionekane tupu mbele ya kamera. Yaani mtu wangu niliyemchagua nimwache, nikajaze kona ya mume asiyejua kama ananitaka.

Nisaidie,
Niliyeshapatikana, Harlow Grove

*

Niliyeshapatikana wangu,

Kaa chini, vua aproni, unisikilize. Pole. Pole ya kweli, siyo ile ya wapambe. Barua yako niliisoma nikiwa nakula, nikaacha kula, na watu wa gazeti hili watakuambia hilo si jambo la kawaida.

Kabla ya lolote, ujue kwamba siri yako imevuja. Kuna mtu hapa ofisini asiyeweza kufunga mdomo, na kabla sijashika kalamu simu zikaanza. Kwa kuwa Twyla anakaa mji mwingine, kuhama kwako kunahamisha kura yako, na hilo limewakosesha watu usingizi. Kambi ya Gavana inanisihi nikushauri uvumilie ndoa yako, kwa sababu Harlow Grove wana upungufu wa watu. Kambi ya Seneta inaona ndoa hiyo haifai kabisa na iko tayari kukubebea sanduku. Mpambe wa Bwana Strand alitaka kujua kama Delmar akiachwa ataguswa zaidi na sera ya afya ya akili au ya makazi. Wote nimewakatia simu. Kwa hiyo ushauri huu ni wangu mwenyewe, haukufadhiliwa na mtu.

Sasa nikugombeze kidogo. Nani alikuambia upike? Kila aliyekuja kumbembeleza mumeo alikula kwako, akanywa kahawa yako na kulala kwenye kochi lako, na wewe ukawa unakunja blanketi. Mwanamke anayerudia vyombo alivyoosha seneta badala ya kumwita arudi aoshe vizuri asishangae akionekana fanicha. Umeninung'unikia mimi kurasa nzima. Delmar umemwambia nini kabla ya sanduku? Umemwuliza rangi ya jikoni. Mama wee, hilo si lalamiko, hilo ni swali la fundi.

Mumeo si mtu mbaya. Ni mtu aliyeulizwa swali kwa mara ya kwanza akiwa na mvi, akaonja utamu wake, na anaogopa kwamba akijibu hakuna atakayemwuliza tena. Na katika hilo, nikwambie, anaona mbali kuliko wachambuzi wa televisheni. Mimi mchujo nimeuona mwingi. Wakimaliza kuhesabu Jumatatu, wote wanakimbilia uwanja wa ndege kwenda New Hampshire kwenye mchujo unaofuata, hata hawasubiri kukunja viti. Jumanne asubuhi hakuna atakayetaka kujua Delmar anasemaje kuhusu China. Hapa mtaani kwangu kuna mzee aliyewahi kuwa asiyeamua maarufu, na mpaka leo akipita posta humsimamisha mtu na kumwambia kwamba kodi ya shamba ni jambo tata. Watu wanavuka barabara.

Lakini kuogopa si ruhusa ya kumliza mtoto wa watu, sembuse wake mwenyewe. Wala si ruhusa ya kumjibu mke aliyeshika sanduku kana kwamba anahojiwa. Njia mbili zilimshinda fisi, naye ana miguu minne. Delmar ana miwili, na yote ameiweka mbele ya kamera.

Sasa fanya hivi. Usiende kwa Twyla kabla ya Jumatatu. Kura yako iko Harlow Grove, na hupaswi kupoteza kura yako kwa ajili ya mwanamume asiyejua afanye nini na yake. Lakini kupika kwa ajili ya wageni kuishe leo. Akija mgombea, mwonyeshe lilipo jokofu, kaa kitini mwako, na umwambie wewe ndiye mwenye nyumba.

Jumatatu panda gari na sanduku lako nyuma. Ukumbini nenda kasimame na mtu wako, yule wa maktaba, na usimame mbele, siyo nyuma ya mrefu. Kona ya wasioamua usiikaribie hata kidogo. Unajua kanuni kama mimi: kundi lisilofikisha idadi linavunjwa, na watu wake wanatafuta pa kwenda au wanarudi nyumbani. Delmar atabaki pale peke yake na koti lake. Majirani watamwendea na biskuti kumvuta upande wao, kama kawaida yetu. Wewe usiende. Hata kundi lako likikutuma, ukaambiwa yeye ni mumeo atakusikiliza, waambie uliacha kazi hiyo. Ukumbini hakuna anayehesabu hoja nzito, wanahesabu miguu, na ni vizuri aone ya kwako imesimama wapi.

Mkishahesabiwa nenda kwa Twyla moja kwa moja. Usiache barua. Usiache chakula kwenye jokofu. Jumanne mwache akae na ile simu.

Atakuja. Sisemi hivi kukufariji, nasema kwa sababu mtu aliyezoea kubembelezwa hawezi kukaa na ukimya siku mbili. Akianza kwa kusema anaona uzito wa pande zote, funga mlango taratibu umwache arudi zake, theluji haitamwua, ana gari. Akisema anataka urudi, kwa maneno hayo hayo na bila gumba kidevuni, mfungulie. Lakini usinyanyue sanduku. Kwanza apige simu kwa Janelle pale pale mbele yako na kumwambia atamsindikiza, na asitaje watatu wowote. Akishamaliza hilo, mwelekeze kwenye vyombo vya Twyla. Akiviosha vibaya, arudie.

Kisha mwambie wewe ulisimama na nani Jumatatu na kwa nini, maneno yote, kuanzia maktaba, hata kama itachukua muda mrefu kuliko China. Asipouliza swali hata moja, arudi alikotoka aje siku nyingine, na usimwonee huruma, Iowa tumezoea watu kuja mara nyingi. Akiuliza, mjibu. Halafu kaa naye mezani, umwulize yeye anataka nini katika maisha haya yaliyobaki, na hapo unyamaze mpaka amalize, maana wote waliokuwa wakimwuliza watakuwa wameshapanda ndege, na Iowa nzima atakuwa amebakiwa na mtu mmoja tu anayetaka kweli kujua jibu lake.

Shangazi Orpha