Mama wa Mbao

Kadra, keti kwanza. Halkano mume wangu ameniaibisha kwa fundi seremala hapa Garsen!

Tumeenda kuchagua mbao za kupamba ukuta wa sebule. Si akaanza kuzikagua kama ng'ombe wa mnadani! Anazipiga makofi, anazinusa, anarudi nyuma anazitazama.

Akang'ang'ania moja nyekundu. "Hii ndiyo mbao, ina uhai, si zile za kubandikwa karatasi! Mama yake ni yupi?"

Mama yake, Kadra! Mama wa mbao!

Fundi akacheka. "Mzee, mama yake ni ule mwarobaini wenu. Si ulinipa bure niukate, ukasema hauna faida?"

Wallahi, akairudisha mbao mahali pake!

Siku ya mnada simwachi aende peke yake. Atatununulia ng'ombe wetu wenyewe.