Boila Nyingine Iko Njiani

Kasingirima, Ujiji

Mwanangu Feliksi,

Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimempa barua hii nahodha wa boti ya Kalemie. Huku hatujambo kidogo. Dada yako Yunisi kajifungua mtoto wa kike, ana sauti kama yako. Mawese mwaka huu yamejaa mpaka ndoo hazitoshi.

Tangu uondoke, kiwanda cha sabuni hakijapata fundi wa boila. Walitafuta mpaka Tabora. Mwishowe wakamtoa mdogo wako Wilfred kwenye kufunga katoni, wakamweka pale pako. Eti ufundi uko kwenye damu. Jumatatu boila ikapasuka. Tumemzika kule Kidahwe, ubavuni mwa baba yenu.

Jana bosi alikuja matangani na mchele. Alinipa pole, akala, akanawa mikono, kisha akaninong'oneza: "Mama, yule mkubwa anarudi lini? Boila nyingine iko njiani."

Mungu anisamehe, nilimwambia nawe ulishakufa hukohuko Kongo.

Kwa hiyo usije, mwanangu. Mlilie mdogo wako hukohuko.

Ni mimi mama yako,
Honorata