Jina Kubwa la Katikati

Shirin, nimetoka kwa bibi Stefania sasa hivi. Sijui hata nianzie wapi.

Kumbe baba yake, marehemu Fabiani, ndiye aliyechora ule ubao wa waliokufa vitani, enzi za Mwingereza, kwenye shamba la mkonge kule Hale. Meneja alitaka jina la Mzungu likae katikati, kubwa, lizungukwe na nafasi tupu, ili jicho lianzie hapo. Waafrika wote chini, kwa maneno matatu tu: "na askari wengine".

Fabiani akamwambia, "Bwana, Mikaeli ni mdogo wangu. Niruhusu nimwandike hata pembeni."

Meneja akajibu, "Majina yakizidi, mpangilio unaharibika."

Na kweli ubao ulipendeza. Hicho ndicho kilichomuuma Fabiani zaidi.

Siku ya kuuzindua, mama yao akashuka kutoka Kwashemshi. Hajui kusoma. Akauliza, "Mwanangu yuko wapi hapa?"

Fabiani akamwonyesha lile jina kubwa.

Shirin, jina la Mzungu. Mama akalishika kwa kiganja, akasema, "Wamemheshimu."

Kila mwaka akawa anarudi kulishika, mpaka akafa. Fabiani hakumwambia.