Kiatu cha Kulia cha Kaka Cornel

Mayu, mama yangu, shikamoo. Dada Scolastika, msomee Mama bila kuruka mistari.

Maharage yako jikoni, yasiungue. Gregory, kitindamimba wenu mtiifu, ameondoka na baiskeli ya Baba.

Sababu ni hii. Jana mchana Gregory alipanga kikosi cha timu yetu ya kiwanda cha pamba kwa msimu ujao, akatabiri kombe. Golini akaandika Cornel. Kaka Cornel alikuwa kando yake, akamsahihishia jina la beki, wala hakukohoa. Leo asubuhi lori limemchukua kwenda Geita kudakia timu ya mgodi, iliyompa kazi na viatu vipya. Nyote mlijua. Sanduku lake alilipanga Dada.

"Tulidhani utalia," Dada akasema.

Gregory hakulia. Alibeba sanduku hadi kwenye lori, kwa unyenyekevu ambao ungepaswa kuwatia shaka, akamwamkia kaka yake. Kaka akatazama magurudumu, hakuitikia.

~~Kiatu chake kipya cha kulia kimetolewa sandukuni, kimezikwa ghalani ndani ya mtama na hakitatoka mpaka msimu uishe.~~

Mstari huo umefutwa. Gregory anakipeleka Samuye, njiani, ambako lori linapakia mizigo mpaka adhuhuri. Kipa wa kiatu kimoja akifungwa atasingizia kiatu. Sisi tutamfunga akiwa amevaa vyote viwili, na kwa kila bao Gregory atasema kutoka nyuma ya goli, "Shikamoo, Kaka."

Ataitikia tu.

Mniachie ugali.

Kitindamimba wenu