Jeni, Sasa Wote Wanakubaliana Nawe

Jeni, rafiki yangu,

Leo ni Jumapili. Saluni nimeifunga, nimekaa kwenye kiti chako kwa sababu hakuna mwingine anayekikalia. Mchungaji alituambia tuwaache marehemu wapumzike. Nisamehe, waitu, mwenzangu. Nina jambo, na sioni wa kumwambia isipokuwa wewe. Ma Devotha amekubaliana nawe.

Unacheka? Ungecheka. Mimi sikuweza.

Unakumbuka ile tamthilia ilivyotuingia hapa Bilele. Uliileta wewe kwenye flashi, ukasema wateja wa rasta wanakaa muda mrefu mno wakitazama ukuta. Mazombi! Nikakuambia wanawake wa Kilutheri hawatakuja kusukwa mbele ya maiti zinazotafuna watu. Wakaja. Wakaja mpaka wasiokuwa na nywele za kusuka. Yule mzee kiongozi wa walionusurika wakambatiza Ta Kalikawe, kwa sababu alitembea mikono nyuma kama mtu anayekagua mipaka ya kibanja chake cha migomba.

Kisha zikaanza zile episodi za polepole. Ta Kalikawe anatengeneza mlango, mwanzo mpaka mwisho. Ndugu wawili wanabishana juu ya mama yao aliyekufa zamani. Hakuna anayeng'atwa, hakuna anayekimbia. Saluni ikagawanyika vipande viwili. Ma Devotha akitoka shuleni kwake Kibeta anakaa, nusu ya kichwa ina rasta, nusu imesimama juu, na anafoka: "Hawa wameishiwa hadithi! Tumekuja kuona mazombi, wao wanatuonyesha seremala!" Na wewe, kitana mdomoni: "Kama humjui mtu, siku akiliwa utalia nini?" Yeye anasema kulia atalia msibani, hapa amekuja kufurahi. Nyumba nzima inaangua kicheko. Kuna wateja walikuja kwa ajili ya ugomvi wenu tu, tamthilia yenyewe hawakuijali.

Halafu ile episodi ya dada aliyeng'atwa. Inaanza ameshang'atwa, anajulikana atakufa. Na katika muda wote ule hawafanyi kitu, yeye na mdogo wake. Wamekaa jikoni wanachambua maharage. Wanaulizana nani alivunja chungu walipokuwa watoto. Ma Devotha akapiga kelele: "Mpige risasi tumalize, nina madaftari ya kusahihisha!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Wewe hukucheka. Ulikwenda ukaongeza sauti, ukasimama mbele ya televisheni na mgongo wako kwetu. "Niacheni nione anavyoaga," ukasema. Sauti yako haikuwa ya ubishi.

Wiki ileile, tukifagia nywele, uliniambia. Hukuacha kufagia. "Ni kansa, Editha. Ya kizazi. Wanasema nimechelewa."

Mwanza ulikwenda kutibiwa, ukarudi. Ukahamia Muleba kwa mama yako, nami nikawa nakuja Jumapili baada ya ibada, kwa kosta, nikiwa na ndizi mbivu ambazo hukuzila. Ulikuwa unalala sebuleni ili uwaone wanaopita. Tunaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Mapigano hukuyataka tena. "Peleka mbele," unasema, "kelele zinaniumiza." Tunaruka damu yote mpaka pale watu wanapokaa na kuzungumza. Mama yako hakuelewa lugha ile hata neno moja, lakini alikaa nasi akichambua mboga, na siku moja akatangaza kwa Kihaya kwamba shida yote ya yule mzee ni kukosa mke. Ulicheka mpaka ukajishika tumbo, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, na mama yako akatoka nje.

Jumapili ya mwisho hukutaka simu. Ulinishika kifundo cha mkono. "Editha, naogopa." Basi. Nilikushika na wewe. Jeni, nilitafuta neno. Zaburi zote ninazozijua zilinikimbia. Bado nalitafuta.

Ulikufa asubuhi. Simu ilinikuta na kichwa cha mteja mikononi. Nilimaliza kumsuka, kwa maana mtu hawezi kutembea mjini Bukoba na nusu ya nywele. Vidole vilikwenda vyenyewe. Alipotoka ndipo nikaketi sakafuni, katikati ya nywele.

Muleba walikuwa wamekwisha kutandika majani chini, wanawake wamejaa. Mama yako akaniita chumbani ulikolazwa, akasema nywele zako ni zangu. Zilikuwa zimepungua, laini kama za mtoto mchanga. Wanaume walikuwa nje na jeneza, mvua inakuja kutoka ziwani, kaburi liko wazi kule kibanjani kati ya migomba. Shangazi yako akafungua mlango: "Msuke twende kilioni, ni haraka, mchungaji anangoja." Mama yako hakugeuka. Akasema, "Mpola. Polepole." Akasema tena, kwangu sasa, "Mpola, mwana wange. Msuke kama alivyowasuka wengine." Nikakusuka ile mistari midogo ya kuzunguka, uliyokuwa ukiwasuka maharusi. Mvua ikanyesha juu ya bati. Wakangoja. Nilikuwa nakuomba radhi kila nilipovuta, maana kichwa chako kilikuwa chepesi kuuma ukisukwa, kila mtu alijua. Nilipofunga wa mwisho mikono ilibaki hewani, haina pa kwenda.

Nimerudi kazini, watu wanasema nimejikaza. Sijui wanaona nini. Ninafungua mlango, ninawasha draya, ninasema karibu. Jioni ninafunga na sikumbuki uso wa hata mteja mmoja.

Sasa nikuambie ya Ma Devotha. Ule mwendelezo wa tamthilia uliokuwa ukiungoja umetoka. Msichana mmoja alikuja nao, nikashindwa kumkatalia. Episodi ya tatu ikawa ya polepole. Ta Kalikawe anazeeka, anakaa kizingitini, anamfundisha mtu kusoma mawingu. Mteja mgeni kwenye kiti changu akaomba, "Dada, hii peleka mbele." Nikanyoosha mkono kwenye rimoti. Ma Devotha alikuwa pale kwenye benchi, anasubiri zamu. Akasema, "Acha. Jeni angetaka tuiangalie."

Tukaiangalia yote. Ma Devotha alilia kimya, kitambaa mdomoni, na episodi ilipokwisha akasema, "Jeni alisema kweli." Wengine wakaitikia kama kanisani.

Hapo ndipo ulipokufa, Jeni. Msibani niliona mwili, kibanjani niliona udongo, lakini ndani kuna mahali palikuwa bado panangoja useme neno. Ma Devotha alipokubali, pale pakafungwa. Mtu aliye hai hawamkubalii hivyo. Aliye hai wanambishia.

Siku nyingine ikaja episodi kama hiyo. Nikajaribu mwenyewe. Nikasema kwa sauti kubwa, "Hii inachosha! Wameishiwa hadithi hawa!" Nikangoja mtu anitukane. Walinitazama kwa huruma. Ma Devotha akasimama, akaniwekea mkono begani, na nikautamani ule ubishi wake wa zamani kuliko mkono wake. Televisheni nimeitoa. Nimewaambia imeharibika.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mama yako. Tangu tukuzike hajaruhusu mtu aguse kichwa chake. Matanga yalipoondolewa wenzake walinyoa kumaliza msiba, yeye akakataa. Nywele zimeshikamana, nyeupe, na majirani wameanza kunong'ona kwamba akili imemtoka. Nilikuwa na mkasi kwenye mkoba. Aliujua bila kuuona. "Siku nitakayokubali zikatwe," akasema, "nitakuwa nimekubali." Nikala ebitoke vyake, zile ndizi za kupika, tukakaa, jua likageuka.

Sina habari njema ya kufunga nayo, Jeni. Siahidi kwamba nitapona, ningekuwa nadanganya kaburi. Ninaahidi hili tu: nitaendelea kwenda Muleba. Mkasi nitauacha Bukoba. Akikubali mwakani, akikubali uzeeni, asipokubali kabisa, nitakaa naye hivyo hivyo, na yeyote atakayekuja kumharakisha atanikuta mlangoni.

Kwaheri, waitu. Lala.

Editha